Kutapika, Kutapishwa na Kurudishiwa: Istilahi "disgorgement" na Historia ya Pato la Maniema

Miongoni mwa istilahi za sheria na biashara zinazomsumbua mfasiri wa Kiswahili, mojawapo ni neno la Kiingereza "disgorgement". Kwa ufupi, neno hili lataja tendo la kurudisha faida, hususan faida iliyopatikana kwa njia isiyo ya haki. Mfasiri mwenye haraka huandika "urejeshaji wa faida" akaendelea na kazi yake. Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi, lakini inaficha jambo ambalo makala haya yanakusudia kulifunua: neno la Kiingereza latuambia faida inatoka kwa nani, wala halituambii inakwenda kwa nani. Tutalichunguza jambo hilo kwa kutazama historia ya Maniema, na hasa mji wa Kindu. Sababu ya kuchagua mahali hapa ni kwamba mali nyingi imepita Kindu tangu karne ya kumi na tisa, na suala la kuirudisha limezushwa mara kadhaa, karibu kila mara kwa manufaa ya mtu asiyekuwa wa Maniema.

Neno lenyewe liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, "desgorger", na ndani yake mna "gorge", yaani koo. Maana yake ya asili ni kukitoa kwa njia ya koo kitu kilichokwisha kumezwa. Waingereza hulitumia kwa mto unaomwaga maji yake baharini, na hulitumia kwa mwizi anayelazimishwa kuachia alichokichukua. Kifaransa nacho kimebaki na usemi "rendre gorge", ambao wasomaji wetu wa Kindu na Kisangani, waliosomeshwa kwa lugha hiyo, wanaujua vizuri zaidi kuliko neno la Kiingereza. Usemi huo nao husemwa juu ya mtu aliyekula kisichokuwa chake na sasa anabanwa akitoe.

Kiswahili hakina haja ya kuazima picha hii, kwa kuwa inayo yake. Kwetu sisi mali huliwa. Twasema kula rushwa, kula mtaji, kula mali ya yatima. Na katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki, ambamo kitenzi hiki hutajwa "kukula", matumizi hayo ni ya kila siku sokoni na ofisini. Tokea hapo ni hatua fupi tu kufikia kutapika. Mla rushwa huambiwa kwamba atazitapika, au kwamba zitamtokea puani. Kwa hiyo yule anayetaka kulieleza neno la Kiingereza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hana kazi kubwa. Aseme "kutapika alichokula" na darasa zima litaelewa.

Ugumu huanza tunapolitazama umbo la kitenzi. Kutapika ni tendo la mtu mwenyewe, na aghalabu hana hiari nalo. Mahakama inapoingia kati, kitenzi hupata kiambishi cha kusababisha: mahakama hutapisha, na mshtakiwa hutapishwa. Hii ndiyo maana halisi ya istilahi ya kisheria, na Kiswahili chaielewesha kwa silabi moja tu. (Ni kweli kwamba katika miji ya Tanzania kitenzi hiki kimekwisha kupewa kazi nyingine, ile ya kutapisha vyoo wakati wa mvua. Hatuoni kwamba jambo hilo laharibu pendekezo letu.) Lakini jaribu sasa kukiongezea kitenzi hiki kiambishi cha kutendea, ili kumtaja yule anayepokea. Kutapikia ni kumchafua mtu. Picha ya koo, kwa Kiswahili kama kwa Kiingereza, haina nafasi ya heshima kwa mpokeaji. Anayetapika hatapiki kwa ajili ya mtu.

Tukichukua upande wa pili kitenzi "kurudi", twaona mwenendo tofauti kabisa. Kurudisha ni kufanya kitu kirudi. Kurudishia ni kukifanya kirudi kwa mtu fulani. Kurudishiwa ni hali ya mtu huyo. Hapa mpokeaji yumo ndani ya kitenzi chenyewe, wala msemaji hawezi kutamka "nimerudishiwa" bila kujitaja. Mwenye kusema "kampuni imerudishia" akanyamaza, msikilizaji atamwuliza: imemrudishia nani? Swali hilo, ambalo sarufi yetu yalilazimisha, ndilo ambalo neno "disgorgement" laliruhusu likae kimya.

Kabla ya kuingia katika historia yafaa tutenganishe dhana mbili ambazo katika mazungumzo huchanganywa. Fidia hupimwa kwa hasara ya aliyedhulumiwa. Kutapishwa hupimwa kwa faida ya aliyedhulumu. Chukua mfano wa mtu wa Kindu anayeuchukua mtumbwi wa jirani yake usiku bila idhini, akavusha abiria kutoka Kasuku hadi Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, kisha akaurudisha mtumbwi kabla ya alfajiri ukiwa salama salimini. Jirani hakupoteza kitu, alikuwa amelala. Kwa kipimo cha fidia hana madai makubwa. Kwa kipimo cha kutapisha, nauli yote iliyokusanywa usiku ule yapaswa kutoka mfukoni mwa mchukuaji. Sheria ya Kiislamu, ambayo ina historia ndefu Kasongo na Nyangwe, yazungumza juu ya jambo hili katika mlango wa ghasbu, na madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, humtoza mghasibu pia thamani ya matumizi ya kitu alichokighasibu. Katika mlango huo mpokeaji hujulikana tangu mwanzo: ni mwenye mali, au warithi wake.

Tuanze basi na pembe za ndovu. Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara kutoka pwani waliweka makazi Nyangwe, na baadaye Kasongo ikawa mji mkubwa wa Waswahili na Waarabu katika Kongo ya juu. Mtaji wa biashara ile ulitoka Zanzibar, kwa wakopeshaji wa Kihindi, na mashuhuri wao alikuwa Taria Topan. Mfanyabiashara alichukua bidhaa kwa mkopo, akaenda bara miaka kadhaa, akarudi na pembe, akalipa deni pamoja na faida. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ametuachia maisha yake kwa Kiswahili, maandishi yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya ishirini na kutolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Anayekisoma kitabu hicho kwa jicho la mhasibu ataona jinsi mwandishi alivyokuwa mwangalifu juu ya deni lake kwa wakopeshaji. Kurudisha, katika biashara ile, kulikuwa kumrudishia mwenye mtaji. Vijiji ambako pembe zilichukuliwa, mara nyingi kwa bunduki na pamoja na mateka, havikuwa na ukurasa katika daftari.

Dai la kwanza kubwa la kisheria juu ya pato la Maniema, kwa kadiri ya maandishi tuliyo nayo, lilitoka kwa Henry Morton Stanley. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Dola Huru ya Kongo huko Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, na aliahidi kuipatia wapagazi safari ya Stanley ya kumwokoa Emin Pasha. Safari ilipokwisha, Stanley alimlaumu kwa kutotimiza ahadi, akafungua mashtaka Zanzibar mbele ya konseli wa Uingereza. Fedha zilizolengwa, takriban pauni 10,000, zilikuwa mikononi mwa wakala wa Tippu Tip, nazo zilitokana na pembe alizoiuzia Dola Huru. Mashtaka hayo baadaye yaliachwa, lakini tuitazame sura yake. Pembe zilitoka Kongo ya juu. Mdai alikuwa Mzungu mwenye safari, mdaiwa mfanyabiashara wa Zanzibar, mshika fedha mwana wa ukoo wa wakopeshaji, na hakimu konseli wa Malkia. Kila mmoja aliyekuwa na sauti katika shauri lile alikuwa mlaji au mwenye njaa ya kula.

Vita vya 1892 hadi 1894 havikubadili sura hiyo. Vilibadili walaji tu. Jeshi la Dola Huru likiongozwa na Dhanis liliiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka ule ule. Huko Ulaya vita hivyo vilitangazwa kuwa ni vya kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba utawala wa mabwana wa Kasongo ulikwisha. Utajiri uliokutwa katika mji ule uliwashangaza maofisa wenyewe. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwamo, aliueleza katika kitabu alichokitoa 1897. Kwa istilahi yetu, mabwana wa Kasongo walitapishwa. Wakazi wa Maniema hawakurudishiwa. Kilichofuata kwao kilikuwa mpira wa kugema kwa shuruti na kazi ya mizigo.

Hapa tunafika kwenye tukio ambalo, kwa maoni yetu, linastahili kufundishwa kila mahali panapofundishwa maana ya kurudisha faida. Mwaka 1908, baada ya kelele za ulimwengu juu ya maovu ya Dola Huru, Bunge la Ubelgiji liliichukua Kongo kutoka kwa mfalme Leopold II. Koloni lilianza rasmi tarehe 15 Novemba 1908. Mtu angetarajia kwamba mapatano ya kumwondoa mtawala aliyekula kiasi kile yangekuwa na kifungu cha kumtapisha. Kifungu kilikuwapo, lakini kilielekea upande wa pili. Ubelgiji ilibeba madeni ya Dola Huru. Zikatengwa faranga milioni 45.5 kwa ajili ya kumalizia majengo aliyoyapenda mfalme huko Ubelgiji. Na juu ya hayo ukawekwa mfuko maalumu wa faranga milioni 50 kwa ajili yake, ukielezwa kuwa ni ishara ya shukrani kwa jinsi alivyojitolea kwa ajili ya Kongo. Mzigo wa mfuko huo wa shukrani ulitwikwa koloni lenyewe. Yaani aliyekula alilipwa kwa taabu ya kutafuna, na walioliwa ndio waliolipa. Hatujui neno la Kiingereza linalotaja tendo hili. Kiswahili chaweza kulisema, kwa sababu yatosha kuweka majina katika nafasi za kitenzi: Wakongo walimrudishia Leopold.

Mji wa Kindu wenyewe ni mtoto wa kipindi hiki. Mwaka 1902 ilianzishwa kampuni ya reli ya Kongo ya juu na Maziwa Makuu, CFL, chini ya tajiri wa Kibelgiji Edouard Empain. Dola iliidhaminia kampuni riba ya asilimia 4 kwa mtaji wake na kuipa hekta milioni 4 za ardhi. Reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilijengwa kati ya 1906 na 1910 ili kuzikwepa sehemu za mto zisizopitika kwa meli. Hivyo Kindu ikawa mahali ambapo mzigo hushuka kwenye meli na kupanda garimoshi, na jina lake katika ramani za kikoloni likawa Kindu-Port-Empain. Miji mingi ya Kongo ilipewa majina ya wafalme na wapelelezi; huu ulipewa jina la mwenye hisa. Dhamana ya riba ni aina ya pekee ya kurudisha: mwenye mtaji ahakikishiwa pato lake hata kama treni haikubeba kitu, na anayetoa ahadi hiyo ni hazina inayojazwa na kodi ya wenyeji.

Baada ya pembe na mpira ikaja bati. Kampuni ya Symétain ilianzishwa 1932, na machimbo yake ya Kalima na Punia yaliifanya Maniema kuwa miongoni mwa maeneo makuu ya bati barani Afrika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Malaya na Indonesia zilipotekwa na Wajapani, bati ya Kongo ilipata umuhimu mkubwa zaidi kwa Washirika. Mwaka 1976 Symétain na kampuni nyingine za mashariki ziliunganishwa kuwa SOMINKI, ambamo serikali ya Zaire ilikuwa na asilimia 28 ya hisa. Bei ya bati ilipoanguka Oktoba 1985, kufuatia kuporomoka kwa Baraza la Kimataifa la Bati, kampuni ilidhoofika, na kufikia 1997 ilikuwa imekwisha. Mahali pake ikaja SAKIMA. Waliobaki Kalima walirithi nyumba za kampuni, mashimo, na mabwawa ya umeme yaliyohitaji matengenezo.

Katikati ya hayo, Kifaransa cha utawala kilileta neno jingine, "rétrocession", nalo halina budi kutajwa kwa sababu ndilo linalosikika Kindu hadi leo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa raia wa Zaire. Wengi waliogawiwa walikuwa watu wa karibu na chama, na maduka mengi yalikauka katika muda mfupi. Mwaka 1976 serikali ikageuka, ikawarudishia wenye mali wa zamani sehemu kubwa ya biashara zao, na tendo hilo likaitwa "rétrocession". Kwa mfanyabiashara mzee, basi, neno hili lataja kurudishwa kwa duka la Mgiriki au la Mhindi. Kwa karani wa leo lataja kitu kingine: mgao wa mapato ambao Kinshasa hukusanya na kuurudisha mikoani. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, yaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo, na yasema kiasi hicho kizuiliwe palepale penye chanzo. Kama kingekuwa kinazuiliwa palepale, pasingekuwa na haja ya neno la kurudisha. Kuendelea kuishi kwa neno hilo katika ofisi za mkoa ni ushahidi wa lugha kwamba fedha huondoka kwanza na hungojewa.

Neno hili la Kifaransa lina adabu kuliko la Kiingereza. Halina koo wala matapishi. Ndani yake mna kuachia na kurudi nyuma tu. Kwa adabu hiyo limepoteza kitu: halimtuhumu mtu. Anayefanya "rétrocession" huonekana kama mkarimu.

Turudi kwenye neno la Kiingereza, kwa kuwa katika nusu karne iliyopita limepata nguvu mpya, na nguvu hiyo imeifikia Kongo. Katika sheria ya hisa ya Marekani chanzo kinachotajwa kwa kawaida ni kesi ya Texas Gulf Sulphur, na inafaa kukumbuka kwamba kesi hiyo ilizaliwa mgodini. Novemba 1963 kampuni hiyo iligundua madini mengi karibu na Timmins, Ontario, nchini Kanada. Baadhi ya wakubwa wake walinunua hisa kabla ya habari kutangazwa Aprili 1964. Mwaka 1970 na 1971 mahakama za New York ziliamuru faida yao itolewe, iwekwe amana kwa miaka mitano ili wenye madai wajitokeze, na itakayosalia iwe ya kampuni. Mahakimu wale waliona kwamba tendo la kutapisha halikamiliki bila kumtaja mpokeaji. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, fedha nyingi za aina hii ziliishia katika hazina ya serikali ya Marekani.

Mfano unaotugusa ni wa Septemba 2016. Kampuni ya uwekezaji ya Och-Ziff ya New York ilikubali kulipa jumla ya takriban dola milioni 413 kwa sababu ya rushwa zilizotolewa kwa maofisa wa nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwamo, ambako lengo lilikuwa migodi. Sehemu ya takriban milioni 199, yaani faida pamoja na riba yake, ndiyo iliyoitwa "disgorgement", na iliingia mikononi mwa serikali ya Marekani. Likabaki swali la waliodhulumiwa. Mwaka 2020 mahakama ya New York iliamuru kampuni tanzu ya Och-Ziff ilipe takriban dola milioni 136 kwa waliokuwa wanahisa wa Africo Resources, kampuni ya Kanada iliyopoteza mgodi karibu na Kolwezi kwa ajili ya rushwa ile. Hatuna sababu ya kudharau haki ya wanahisa hao. Walithibitisha madai yao. Lakini msomaji aone mlolongo: rushwa ililiwa Kinshasa, shaba iko Kolwezi, matapishi yako Washington, na waliorudishiwa wako Kanada.

Mwaka huo huo wa 2020, tarehe 22 Juni, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Liu. Ilisema kwamba hatua hii yaruhusiwa mradi isizidi faida halisi ya mkosaji, na mradi itolewe kwa ajili ya waliodhurika. Kwa lugha yetu, mahakimu hao waliuongezea "disgorgement" kiambishi cha kutendea. Ilichukua takriban miaka hamsini ya sheria kufikia pale ambapo sarufi ya Kibantu huanzia. Tunakiri kwamba hili ni neno la mshabiki wa lugha yake. Wanasheria watasema kwamba jambo lenyewe lina matawi mengi zaidi.

Na sasa kesi iliyo karibu zaidi na Kindu. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliikuta Uganda na hatia ya kuvamia na kukalia sehemu za Kongo, na ya kutozuia uporaji wa maliasili uliofanywa na askari wake. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja kiasi: dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Malipo yaligawanywa katika mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Mwanafunzi wa istilahi azingatie kwamba Mahakama haikumtapisha mtu. Ilitoa fidia, kwa kipimo cha hasara ya Kongo, wala haikufungua daftari la faida iliyopatikana kwa dhahabu, almasi na koltani. Tofauti ile ya mtumbwi wa Kasuku hapa ina thamani ya mamilioni.

Lakini kwa Kindu jambo zito zaidi ni jingine. Vita vilivyoanza Agosti 1998 viliufikia mji huu Oktoba mwaka ule, ulipotekwa na waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda, nao waliushikilia hadi kipindi cha mpito cha 2003. Bati, koltani na dhahabu ya Maniema vilitoka kwa ndege na kwa migongo ya watu katika miaka hiyo. Kongo iliishtaki Rwanda pia mbele ya Mahakama ile ile, na tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo, kwa kuwa Rwanda haikuwa imeyakubali mamlaka yake. Kwa hiyo mto Lualaba ni mmoja, vita vilikuwa vimoja, na madini ni ya aina moja. Mkazi wa Kisangani aliyeathiriwa na mapigano ya Juni 2000 kati ya majeshi ya Uganda na Rwanda anaweza kuandikishwa, na mkazi wa Kindu hana mahali pa kupeleka jina lake. Alikuwa chini ya jeshi lisiloshtakika.

Hata huko Kisangani mambo hayakunyooka. Serikali ya Kongo iliunda mfuko uitwao FRIVAO kwa ajili ya kuwagawia waathirika fedha za Uganda. Septemba 2025 mahakama ya juu ya Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria kwa ubadhirifu wa dola milioni 19 zilizokusudiwa kujenga gereza Kisangani, fedha zilizochotwa katika fidia hiyo. Kilichokuwa kimetapikwa kilikuwa njiani kumezwa tena. Glencore nayo, Desemba 2022, ilikubali kuilipa serikali ya Kongo dola milioni 180 kwa ajili ya madai ya rushwa ya miaka ya 2007 hadi 2018. Mpokeaji aliyetajwa ni dola, bila mkoa wala mji.

Tuseme basi tunapendekeza nini kwa watunga kamusi. Kwa tendo la mahakama, "kutapisha" lina nguvu na usahihi, na lisiogopwe kwa sababu ya harufu yake. Hata Kiingereza na Kifaransa hazikuogopa. Kwa hati rasmi, ambako wengine watataka neno lenye staha, "kurejesha pato haramu" latosha, mradi kitenzi kisiachwe bila mpokeaji: iandikwe "kuwarejeshea", na baada yake jina. "Fidia" ibaki kwa hasara, isitumiwe mahali pa faida. Na neno "rétrocession" la maofisa wa mikoa lisitafsiriwe kwa "kurudisha" pale ambapo katiba inasema "kuzuia penye chanzo", kwa sababu tafsiri hiyo yahalalisha ucheleweshaji.

Suala hili si la kamusi peke yake. Kanuni ya Madini ya Kongo, kama ilivyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018, yagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa serikali za mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, mwenye mgodi hutakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazomzunguka. Hati hizo zimeandikwa kwa Kifaransa, na wanaohusika Kalima, Punia na Namoya huzungumza Kiswahili. Mtu atakayesimama mbele yao kuwasomea kifungu cha asilimia 0.3 atahitaji kuchagua kitenzi: kutoa, kusaidia, kurudisha au kurudishia. Makampuni hupendelea "kusaidia". Sisi tungemshauri achukue "kurudishia", na mwishoni mwa sentensi ayataje majina ya vijiji, kimoja baada ya kingine.